Mwaminifu kwa Nani? Historia Fupi ya Mashabiki wa Mtandaoni

Hapa Nakivale, wazee wakitaka kututania sisi vijana wanasema kambi imepata kabila jipya, kabila la Wakorea. Wanaona wasichana, na wavulana pia ingawa wao wanajificha, wanamaliza hela ya bando kuangalia vijana saba wa Seoul wanaoimba kwa lugha ambayo hapa Base Camp hakuna anayeisema nyumbani kwake. Mimi nafanya kazi na vijana katika kituo kimoja cha hapa, na wazazi wananiuliza mara kwa mara: huyu mtoto anamjua nani huko Korea, na huko Korea nani anamjua yeye?

Ni swali la haki, siwezi kulicheka. Mtu aliyekimbia vita anajua thamani ya kujulikana. Lakini naona wazazi na watoto wote wanaongea juu ya ushabiki huu kama vile umeanza juzi, tena kama vile ni mambo ya nyimbo tu. Kumbe una historia yake, ya miaka zaidi ya 30. Na ndani ya historia hiyo kuna swali moja linalotuhusu sana sisi wakimbizi: ukisema wewe ni mwaminifu, ni mwaminifu kwa nani?

Nianze na nyumbani, ili wazazi wasidhani nawasema watoto peke yao. Desemba 1997 bendi ya Wenge Musica ilivunjika. JB Mpiana alibaki na Wenge BCBG, na Werrason, Didier Masela na Adolphe Dominguez wakaanzisha Wenge Musica Maison Mère. Kinshasa iligawanyika, na mgawanyiko ukafika hadi kwetu mashariki kupitia kaseti na redio. Kaka alikuwa upande huu, dada upande ule. Mpaka leo ukitaka kuharibu sherehe ya ubatizo, uliza tu Wenge ya kweli ilikuwa ipi. Wanamuziki wenyewe walipanda jukwaa moja tena tarehe 30 Juni 2022, kwenye Stade des Martyrs, baada ya karibu miaka 25. Kuna mashabiki waliozeeka na kinyongo ambacho wenye bendi walishakimaliza.

Kwa hiyo ushabiki hatukuuokota kwenye simu. Kitu kipya ni njia ya kukutana, na kazi ambayo mashabiki wanaweza kuifanya pamoja bila kuonana uso kwa uso. Hapo ndipo Korea inaingia.

Mwaka 1992 kikundi cha Seo Taiji and Boys kilitokea Korea Kusini na kikabadilisha muziki wa vijana kule. Wakati huo wimbo haukuruhusiwa kutoka mpaka upite mbele ya kamati ya maadili. Mwaka 1995 kamati ilitaka maneno ya wimbo mmoja wa Seo Taiji yabadilishwe. Yeye alikataa, akautoa wimbo huo bila maneno, muziki mtupu. Mashabiki walikasirika, wakaanza kupeleka malalamiko. Kuna mwanamuziki mwingine, Jung Tae-chun, ambaye alikuwa anapigana na ukaguzi huo tangu mwanzo wa miaka ya 90, kwa hiyo mashabiki hawakuwa wa kwanza wala peke yao. Lakini waliongeza sauti, na Juni 1996 ukaguzi wa nyimbo kabla ya kutoka uliondolewa. Kikundi chenyewe kilikuwa kimeshavunjika Januari ya mwaka huo. Yaani mashabiki walikuwa bado wapo kazini wakati bendi haipo tena.

Miaka hiyohiyo vijana wa Korea walianza kukutana kupitia kompyuta zilizounganishwa na laini ya simu, kabla intaneti tunayoijua haijaenea. Halafu Septemba 1996 kikaja kikundi cha H.O.T., na mwaka 1997 kikaja Sechs Kies. Mashabiki wa H.O.T. walichukua rangi nyeupe: maputo meupe, makoti ya mvua meupe. Wa Sechs Kies walichukua njano. Ukiingia ukumbini na rangi yako, watu wanajua ukae wapi, na pia wanajua wakuchukie au la. Wasichana wa sekondari waligombana na hata kupigana kwa ajili ya rangi hizo. Sisi tunaotoka sehemu ambako kitambaa cha kichwani au lafudhi tu inaweza kukutia hatarini, tunaelewa haraka rangi inafanya kazi gani. Inakupa watu wako, na papo hapo inakupa maadui ambao jana hukuwa nao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lilinifanya niandike.

Desemba 2003 kampuni ya SM Entertainment ilitoa kikundi cha vijana watano, TVXQ. Mashabiki wao waliitwa Cassiopeia, jina la kundi la nyota tano, nyota moja kwa kila mwimbaji. Mwaka 2008 Cassiopeia iliingia kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness kama klabu rasmi kubwa kuliko zote za mashabiki, ikiwa na wanachama zaidi ya 800,000. Hao ni watu wengi kuliko kambi yoyote ya wakimbizi ninayoifahamu.

Mwezi Julai 2009, watatu kati ya wale watano walikwenda mahakamani dhidi ya kampuni yao. Walikuwa wamefungwa na mkataba wa miaka 13. Wawili wakabaki na kampuni. Sasa fikiria wewe ni Cassiopeia. Uliapa kwa nyota tano. Utafanya nini?

Kwanza walifanya kazi pamoja. Walikusanya sahihi, wakapeleka malalamiko kwa tume ya haki za binadamu ya nchi yao, wakasusia bidhaa za kampuni. Mwezi Oktoba mahakama iliwapa wale watatu nafuu, wakaruhusiwa kufanya kazi zao wakati kesi inaendelea. Mwaka huohuo Tume ya Biashara ya Haki ya Korea ilikuwa imetoa mkataba wa mfano kwa wasanii, wenye kikomo cha miaka 7. Mambo ya mkataba wa msanii, ambayo zamani yalikuwa siri ya ofisini, yakawa mazungumzo ya wasichana wa shule. Walijifunza maneno ya sheria kwa sababu ya mapenzi ya muziki.

Baadaye wakagawanyika. Wengine walisema sisi ni wa wale wawili waliobaki na jina. Wengine wakasema sisi ni wa wale watatu walioondoka, ambao walijiita JYJ. Wengine wakakataa kuchagua, wakasema ni watano au hakuna. Kila upande uliwaita wengine wasaliti. Na kila upande ulisema neno lilelile: uaminifu.

Ndugu msomaji, mimi ni mtu wa sekondari tu, sina digrii. Lakini hapo naona somo ambalo sikulipata darasani. Neno uaminifu peke yake halikuambii lolote. Wa kwanza alikuwa mwaminifu kwa jina la kikundi, wa pili kwa watu walioonewa, wa tatu kwa ahadi ya mwanzo. Wote walilia kwa kweli. Kama hamjakubaliana mapema ni kitu gani mnakilinda, siku ya mtihani kila mtu atalinda chake na atamwita mwenzake msaliti.

Hawa vijana saba ambao watoto wetu wanawapenda ni BTS. Walianza tarehe 13 Juni 2013 katika kampuni ndogo wakati ule, Big Hit, na mwezi uliofuata mashabiki wao wakapewa jina la ARMY, yaani jeshi. Jina hilo halinifurahishi sana, kwa sababu jeshi kwetu ni kitu kingine. Ila nikiangalia kazi yao naona kwamba wengi wao si askari, ni wakalimani. Wimbo ukitoka, au mmoja wa wale saba akiongea mtandaoni usiku, kuna mashabiki wanaotafsiri bila malipo kwa Kiingereza, Kihispania, Kiarabu na lugha nyingine. Wanaeleza mzaha, wanaeleza neno la heshima ambalo Mkorea anamwambia mkubwa wake. Bila kazi hiyo, msichana wa Nakivale asingeelewa kitu. Hilo ndilo jibu langu kwa mzazi anayeuliza nani anamjua mtoto wake. Wanaomjua ni mashabiki wenzake. Mtu wa Manila alikesha ili yeye aelewe.

Kazi ya pili ni kuhesabika. Mei 2017 BTS walipata tuzo ya Billboard ya msanii anayeongoza kwenye mitandao, ambayo Justin Bieber alikuwa ameichukua miaka sita mfululizo. Sehemu ya ushindi huo ilitokana na kura za mashabiki walizopiga kwa alama reli. Kazi ya tatu ni kuchanga. Novemba 2017 BTS walianza kampeni pamoja na UNICEF ya kupinga ukatili dhidi ya watoto na vijana, na Septemba 2018 wakasimama Umoja wa Mataifa, New York, kuongea juu ya kujipenda. Mashabiki nao wakaanzisha utaratibu wao. Kundi moja la kujitolea, One in an Army, huchagua shirika la kusaidia na kuwaomba mashabiki watoe kidogokidogo, hata dola moja. Wanajua mtu mmoja hana kitu ila wengi wanacho. Sisi tunaocheza vikoba na likilimba hatuna haja ya kufundishwa hesabu hiyo.

Halafu ukaja mwaka 2020. Mwezi Mei polisi wa Minneapolis alimuua George Floyd, na Marekani ikajaa maandamano. Mwanzoni mwa Juni ilijulikana kwamba BTS na kampuni yao wametoa dola milioni 1 kwa Black Lives Matter. Mashabiki wakasema nasi tutatoa milioni. Walizipata katika muda wa siku moja na kidogo tu. Siku zilezile polisi wa Dallas waliomba watu wapeleke video za waandamanaji kwenye programu yao ya simu. Mashabiki wa muziki wa Korea wakaimwagia video za waimbaji wao mpaka ikazima kwa muda. Alama reli za wabaguzi nazo zikajazwa picha za vijana wanaocheza dansi.

Tarehe 20 Juni Donald Trump alikuwa na mkutano Tulsa, katika ukumbi wa watu 19,000 hivi. Watu wake walijisifu kwamba maombi ya tiketi yamepita milioni. Idara ya zimamoto ya mji ilihesabu watu kama 6,200. Vijana wa TikTok na mashabiki wa muziki wa Korea walisema waliomba tiketi bila nia ya kwenda. Tusizidishe: tiketi hazikuwa na kikomo, kwa hiyo hakuna aliyekosa kiti kwa sababu yao. Walichoharibu ni hesabu na majivuno.

Hii habari niliipeleka kwenye kikundi chetu cha vijana, tukabishana alasiri nzima. Mvulana mmoja alisema ni ushujaa. Msichana mmoja akasema ni uongo, na kama ni uongo, kesho wengine watautumia kwetu. Mtu anaweza kujaza orodha ya chakula kwa majina ya uongo na kuuita mzaha, alisema. Wote tulinyamaza, kwa sababu hapa kila mtu anajua maana ya orodha.

Na kuna upande ambao watoto wetu wanapaswa kuusikia zaidi kwa sababu sisi ni weusi. Mwaka huohuo wa sifa nyingi, mashabiki weusi wa Marekani walisema wazi kwamba ndani ya ushabiki wenyewe wanatukanwa, na wakilalamika wanaambiwa wasiharibu jina la kikundi. Walisema pia kwamba kuzijaza alama reli za kibaguzi kulizipandisha juu, zikaonekana na watu ambao hawakutaka kuziona. Yaani watu walichangia haki za weusi huku shabiki mweusi wa pembeni yao akiambiwa nyamaza. Uaminifu ulikuwa kwa picha ya kikundi, si kwa mtu aliye ndani yake.

Ubaya wenyewe ulianza zamani. Kiingereza cha mtandaoni kina neno stan, la shabiki aliyezama. Limetoka kwenye wimbo wa Eminem wa mwaka 2000 kuhusu shabiki anayeandika barua, asijibiwe, na mwisho wake ni kifo chake na cha mpenzi wake. Watu walilichukua neno hilo na kulivaa kama sifa. Korea, Oktoba 2006, Yunho wa TVXQ alipewa kinywaji na mtu aliyewachukia. Kilikuwa kimetiwa gundi, akapelekwa hospitali. Mwaka 2019, ndani ya wiki sita, waimbaji wawili marafiki, Sulli na Goo Hara, walifariki, mmoja Oktoba na mwingine Novemba. Wote wawili walikuwa wamepigwa kwa maneno mtandaoni kwa miaka. Baada ya kifo cha Sulli tovuti ya Daum ilifunga sehemu ya maoni kwenye habari za wasanii, na Naver ikafuata Machi 2020. Hakuna mtu mmoja aliyeandika maneno yote yale. Kila mmoja aliandika moja akaenda kulala.

Kwa nini nawaeleza haya katika jarida la wakimbizi?

Kwa sababu simu ileile inayoleta dansi ya Seoul inaleta kitu kingine. Inaleta sauti kutoka nyumbani, mtu ambaye humjui anatukana kabila fulani. Inaleta video ambayo hujui ni ya mwaka gani wala ya kijiji gani. Na mwisho wake kuna maneno haya: kama wewe ni mtoto wa kwetu kweli, tuma mbele. Sikiliza vizuri. Ni lugha ileile ya mashabiki. Kama wewe ni shabiki wa kweli, mtukane yule. Kama wewe ni wa kweli, usiulize. Kijana wa miaka 16 ambaye hana kitambulisho, hana shamba, hajui mwaka ujao atakuwa nchi gani, anatamani sana kuambiwa kwamba ni wa kweli. Anayemwambia hivyo anaweza kumpeleka popote.

Hapo ndipo siwezi kuungana na wazee wanaosema tuzime tu simu. Kijana hawezi kuishi bila watu wake. Ukimnyima wale wa Seoul, atapata wengine, na wengine wenyewe ninawajua. Afadhali tumfundishe kuuliza.

Kwenye kituo chetu kuna kikundi cha wasichana wanaoandika maana ya nyimbo hizo kwa Kiswahili, Kinyarwanda na Kirundi. Ni wa makabila ambayo, huko tulikotoka, wazazi wao hawakusalimiana. Sitasema wamemaliza chuki ya miaka, maana si kweli. Lakini wana daftari moja, na kwenye ukurasa wa kwanza waliandika masharti yao wenyewe, bila mimi kuwaambia. Hatutukani mtu kwa ajili ya mwimbaji. Hatutumi kitu ambacho hatujui kimetoka wapi. Mwenzetu akisema ameumizwa, tunamsikiliza kwanza, jina la kikundi baadaye. Sharti hilo la tatu ndilo waliokuwa na mamilioni ya dola walishindwa kulishika mwaka 2020.

Kwa hiyo mzazi wangu, mama yangu, baba yangu, usimuulize mtoto kwa nini anawapenda Wakorea. Hatakujibu, kama wewe ambavyo huwezi kujibu kwa nini ulimpenda Werrason. Muulize kikundi chake kinafanya kazi gani pamoja. Muulize kina masharti gani, na nani aliyaandika. Muulize mtu akikosea ndani ya kikundi, au akionewa, wanamfanyia nini. Akiweza kukujibu hayo matatu, mwache na bando lake. Akishindwa, kaa naye chini, msaidie kufikiri. Na ukimaliza, chukua simu yako wewe, fungua yale magroup ya watu wa kwetu, ujiulize maswali hayohayo.